Gari linanukia chipsi na moshi hauonekani: je, ni kweli biodizeli haina masizi?

Fundi Nozo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite kwanza, arudi baadaye na kahawa yake.

Mimi ni fundi wa pampu na nozo, Gerezani ya Dar. Wiki iliyopita kaja mteja na Coaster yake, injini 1HZ, ile ya lita 4.2 isiyo na mambo mengi. Shida yake ni kuwaka asubuhi. Unapiga stata mpaka betri inakuonea huruma, halafu injini inashika kwa kukohoa na moshi mweupe mzito unajaa uani kote. Nikamwambia zima, washa tena. Kabla sijainama pua ikaniambia: chipsi. Chipsi mayai kabisa, imebaki kachumbari tu.

Jamaa akacheka. Kumbe miezi minane sasa anachanganya dizeli na "biodizeli" yake, anatengeneza nyumbani kwa mafuta yaliyokaangiwa. Akanipa na somo juu: "Fundi, hii haina masizi. Moshi wake ni chakula tu, hata mtoto akivuta hapati kitu." Nikamuuliza unaitengenezaje? "Nachuja kwa kitambaa mara mbili, napasha moto maji yakauke, namimina kwenye tangi."

Hiyo si biodizeli, wakuu. Hayo ni mafuta ya chipsi yaliyochujwa.

Nikafungua nozo. Zote sita zina ukoko kama sufuria ya ubwabwa wa shughuli. Kupima kompresheni, silinda mbili ziko chini, na nilipofungua zaidi nikakuta ringi zimegandia kwenye pistoni. Sababu haina uchawi. Mafuta ya kupikia ni mazito kuliko dizeli karibu mara kumi, na yakishakaanga wiki nzima yanazidi. Nozo imetobolewa ili ipulize dizeli kama ukungu. Ukiipa kitu kizito inatema matone. Tone likiingia kwenye moto linaungua kwa nje, kiini kinabaki kinachomeka bila hewa. Kiini hicho ndicho masizi yakipita kwenye ekzosi, na ndicho ukoko yakibaki ndani.

Biodizeli yenyewe ni kitu kingine. Mafuta yanachanganywa na methanoli pamoja na kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni), kwenye joto la nyuzi 55 hadi 60 hivi. Mafuta ya kupikia kimaumbile ni mikia mitatu mirefu iliyoshikiliwa na kichwa kimoja, na kichwa hicho ni gliserini. Methanoli inaikata ile mikia, gliserini inazama chini, juu kunabaki kimiminika chepesi kinachokaribia dizeli. Kwa kila kilo 100 za mafuta unatia kama kilo 10 za methanoli na unatoa kama kilo 10 za gliserini. Kama hujawahi kumwaga gliserini, hujawahi kutengeneza biodizeli.

Sasa nije kwenye masizi, maana hapo mteja wangu ana ukweli nusu.

Waliokulia kwenye kibatari wananielewa. Ukiupandisha utambi, mwali unakua, na juu yake unaanza uzi mweusi unaopaka dari. Mafuta yamezidi hewa, basi. Ndani ya injini ya dizeli ni hivyohivyo: katikati ya kila mpulizo pana sehemu mafuta yamejazana na hewa haijafika, na kaboni inajikusanya hapo kuwa masizi. Dizeli ya kawaida haina oksijeni ndani yake, inategemea hewa tu. Biodizeli inakuja na yake mwenyewe, kama asilimia 11 ya uzito. Ni kama mgeni aliyekuja na sahani yake, hata jikoni pakikwama yeye anakula.

Mwaka 2002 mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ilikusanya vipimo vingi vya injini kubwa ikavichambua kwa pamoja. Ukichanganya asilimia 20 ya biodizeli ya soya kwenye dizeli, ile wanayoiita B20, chembechembe za moshi zinapungua kama asilimia 10, kaboni monoksaidi asilimia 11, na haidrokaboni, yaani mafuta yanayotoka bila kuungua, asilimia 21. Ukitumia biodizeli tupu, chembechembe na kaboni monoksaidi zinashuka karibu nusu, haidrokaboni theluthi mbili. Si kitu kidogo hicho. Na injini zile nyingi ni za miaka ya 1990 kurudi nyuma, hazina filta ya masizi kwenye ekzosi, yaani ndizo hizihizi zinazotupeleka Mbagala.

Lakini kuna kitu kimoja kilipanda: oksidi za naitrojeni. Asilimia 2 kwa B20, kama 10 kwa biodizeli tupu. Hazina rangi ya kukushtua kwenye ekzosi, na ndiyo maana mteja wangu hajawahi kuzisikia.

Hoja yangu ni hiyo. Watu wanaukagua moshi kwa macho na kwa pua, na vyote viwili vinadanganya. Karibuni.

Mpiga Debe Mstaafu

Nimekaa mkao wa kula. Ila uzi wa nozo bila picha ya nozo, fundi, unatukosea adabu.

Kaanga Mihogo

Huyo jamaa anayapata wapi hayo mafuta? Huku kwetu mafuta ya chipsi yakichoka yanauzwa kwa wa mihogo, ya mihogo yakichoka yanakwenda kwa wa samaki. Yakifika kwenye gari yameshakuwa na wajukuu.

Fundi Nozo

Umechekesha lakini ndio ugonjwa wenyewe. Kadiri mafuta yanavyokaangiwa ndivyo yanavyovunjika na kuwa na asidi huru nyingi. Asidi hiyo ikikutana na kostiki haiwi biodizeli, inakuwa sabuni. Sabuni ikibaki ndani ya mafuta inabeba sodiamu, na sodiamu haiungui, inatoka kama jivu. Ndiyo maana kiwango cha Marekani kinataka sodiamu na potasiamu kwa pamoja zisizidi sehemu 5 katika milioni. Sasa mtu anayeosha kwa ndoo uani, asiyejua hata asidi ya mafuta yake ni kiasi gani, yuko kwenye ngapi?

Nesi wa Zamu

Niongeze la upande wangu, maana hilo la "hata mtoto akivuta" limenikera.

Mnajua ile hali ukisahau karai la mafuta jikoni, yakaanza kutoa moshi, macho yanachoma na koo linakaba mpaka unakimbilia nje? Kinachochoma pale ni akrolini, na inatokana na ile gliserini iliyo ndani ya mafuta kuungua vibaya. Mafuta ya chipsi yasiyotenganishwa na gliserini, au biodizeli iliyofanywa nusunusu, inaweza kutoa kitu hichohicho kwenye ekzosi. Harufu tamu ya chipsi isikutoe kwenye mstari.

Masizi nayo: tatizo letu si vile vipande unavyovifuta mezani. Vile vinaishia puani. Zinazoumiza ni chembe zilizo chini ya maikromita 2.5, wakati unywele wa mtu una kama 70. Nyingi za dizeli ni ndogo kuliko hapo sana. Zinapita mpaka kwenye vifuko vya mapafu, na zile ndogo kabisa zinaingia kwenye damu. Ndiyo maana moshi wa magari unatajwa kwenye magonjwa ya moyo na kiharusi, si kikohozi tu. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliupandisha moshi wa injini za dizeli kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Kundi hilo lina sigara na asbesto.

Kwa hiyo fundi anaposema biodizeli inashusha chembechembe karibu nusu, napiga makofi. Ila nusu hiyo inapimwa kwa uzito. Masizi makubwa yakipungua, uzito unashuka, lakini idadi ya zile ndogondogo si lazima ishuke nayo. Kuna vipimo ambako ilipanda. Robo gunia la vumbi jembamba la mkaa ni jepesi kwenye mizani kuliko gunia zima la vipande, ila pua yako inapata taabu zaidi.

Kibatari

Fundi, mnatuchanganya. Hizo oksidi za naitrojeni zinatoka wapi wakati mafuta ya chipsi hayana naitrojeni? Na asilimia 2 nayo ni hoja ya kuandikia uzi?

Fundi Nozo

Swali zuri. Hazitoki kwenye mafuta, zinatoka kwenye hewa. Asilimia 78 ya unayovuta sasa hivi ni naitrojeni, imekaa kimya haina ugomvi na mtu. Moto ukiwa mkali sana ndani ya silinda inaachana na ukimya wake, inashikana na oksijeni. Biodizeli inasaidia hilo kwa njia mbili ninazozijua. Kwanza, haibonyei kirahisi kama dizeli, kwa hiyo kwenye pampu za kizamani msukumo unafika kwenye nozo mapema kidogo na moto unaanza mapema. Pili, hii ya kuchekesha: masizi yenyewe yanapowaka ndani hutoa mwanga na kupoteza joto. Ukiyapunguza, mwali unabaki na joto lake.

Naweza kurudisha taimingi ya pampu, yaani muda wa kupuliza mafuta, nyuma kidogo, oksidi zikashuka. Masizi yatapanda. Ukibana huku inatokea kule, na fundi yeyote anayekuahidi vyote viwili kwa bisibisi anakudanganya.

Asilimia 2 kwa gari moja si kitu, nakubali. Nilichokataa ni neno "haina".

Nesi wa Zamu

Kibatari, oksidi hizo zikikaa juani pamoja na mafuta yasiyoungua zinazaa ozoni huku chini tunapopumulia. Na naitrojeni dayoksaidi yenyewe inaamsha pumu. WHO mwaka 2021 walishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kutoka maikrogramu 40 hadi 10 kwa mita ya ujazo. Hawashushi hivyo kwa kupenda.

Dereva wa Hamburg

Salamu kutoka baridini. Huku dizeli ya pampu ya kawaida imeandikwa B7, maana yake ina biodizeli hadi asilimia 7, na hakuna anayeuliza. Kwa hiyo wenye magari yaliyotoka Ulaya mjue yameshawahi kuionja.

Mambo mawili. La kwanza, magari mapya yana filta ya masizi na yanatumia urea kuua oksidi za naitrojeni. Ukiwa na vitu hivyo vinavyofanya kazi, tofauti ya mafuta gani umetia inakuwa ndogo sana nyuma ya ekzosi. Ila filta ina masharti: ikijaa, gari linapuliza mafuta ya ziada ili kuichoma ile takataka, na biodizeli haigeuki mvuke upesi kama dizeli, kwa hiyo sehemu yake inateremka kwenye oili. Ukikuta oili inapanda badala ya kushuka usimshukuru Mungu, imwage. Masizi ya biodizeli kwa upande mwingine yanaungua kwenye joto la chini zaidi, hapo filta inapumua. Jivu la sodiamu alilolitaja fundi ndilo haliungui kamwe, linabaki humo mpaka filta izibe.

La pili ni kuhusu mteja wa chipsi. Mwaka 2007 watafiti wa hapa Ujerumani walichukua injini ya lori, wakailisha mafuta tupu ya rapa (mbegu za mafuta za huku) yasiyogeuzwa, kisha biodizeli ya rapa, kisha dizeli. Wakakamata moshi, wakaujaribu kwa bakteria kuona unaharibu vinasaba kiasi gani. Moshi wa mafuta tupu ulileta mabadiliko mara nyingi zaidi ya ule wa dizeli. Wa biodizeli haukufika hata karibu ya hapo. Mmea uleule, injini ileile, tofauti ni ile hatua ya methanoli.

Fundi Nozo

Mkuu wa Hamburg, hilo la bakteria nitalichapisha nilibandike gereji.

Na kwa kuwa umetaja filta: hapa Bongo gari linashuka bandarini na filta yake nzima, baada ya miezi miwili taa inawaka kwenye dashibodi, mwenye gari anakuja kwangu, "Fundi, itoboe." Nawakatalia, wanavuka barabara wanatobolewa na jirani. Halafu mtu huyohuyo anakuja kuuliza biodizeli ili alinde mazingira.

Mwana Njombe

Mimi nilijaribu ya mawese kutoka Kigoma, iliyotengenezwa vizuri kabisa, ina cheti. Dar ilikwenda safi. Nikapanda nayo nyumbani mwezi wa saba. Asubuhi tangi lina samli.

Fundi Nozo

Hahaha, pole. Mawese na nazi vina mafuta yanayoganda upesi. Biodizeli ya mawese inaanza kuwa na ukungu kwenye nyuzi 13 hadi 16 hivi, na Njombe mwezi wa saba unazijua mwenyewe. Lakini mafuta ya namna hiyo ndiyo yenye afadhali kwenye oksidi za naitrojeni kuliko soya au alizeti. Pwani yatumie, milimani changanya kidogo sana.

Boss wa Jenereta (Kisumu)

Niko na swali, jameni. Mimi naendesha jenereta ya dizeli nyuma ya duka, stima ikipotea tunawasha. Rafiki ananiuzia biodizeli ya ukweli, imepimwa. Nikitumia hiyo naweza kuiweka ndani ya stoo kwa sababu ya mvua?

Nesi wa Zamu

Hapana! Kaboni monoksaidi ikipungua hata nusu, nusu iliyobaki ndani ya stoo inatosha kukuua wewe na muuza duka. Haina harufu wala rangi. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, ujenge kipaa cha mvua.

Fundi Nozo

Nesi kamaliza. Mimi naongeza la kifundi: biodizeli inaosha. Uchafu wa miaka kumi uliotulia chini ya tangi lako itaubandua na kuupeleka kwenye filta ya dizeli, kwa hiyo nunua filta mbili za akiba kabla hujaanza. Angalia mipira ya mafuta pia, ile ya zamani ya mpira wa asili inalainika na kuvuja. Na usiiweke stoo zaidi ya miezi sita, kwa joto letu inachacha.

Mbono Kaburi

Nimewasoma kimya tangu jana. Mimi ni wa Kisarawe. Walikuja Waingereza na mbegu za mbono kaburi (jatropha), wakachukua zaidi ya hekta 8,000, tukaambiwa hii ndiyo dizeli safi ya dunia. Mwaka 2011 kampuni ikafilisika. Ardhi haikurudi kirahisi, na mashudu ya mbono hata mbuzi humpi kwa sababu ni sumu. Indonesia nao wanachanganya asilimia 40 ya mawese kwenye dizeli kuanzia 2025, misitu iliyokatwa ili kupanda michikichi mnaihesabu kwenye masizi ya nani? Msitu ukichomwa moshi wake nao ni moshi. Nyie mnapima kwenye ekzosi tu.

Fundi Nozo

Mkuu, hapo sina jibu la gereji. Mimi napima kwenye ekzosi kwa sababu ndiko mikono yangu inakofika. Lakini kwa hoja yako, mafuta yaliyokwisha kukaangia ndiyo yenye haki zaidi kuliko mbegu iliyopandwa kwenye shamba la mtu, kwa kuwa hayakuhitaji ekari hata moja mpya. Ndiyo maana sikutaka kumvunja moyo mteja wangu. Nilitaka afanye vizuri anachokifanya vibaya.

Mpiga Debe Mstaafu

Na hizi daladala zinazotema wino mweusi kila zikiondoka kituoni? Tuzimwagie biodizeli zipone?

Fundi Nozo

Zile hazihitaji mafuta mapya, zinahitaji aibu. Konda anataka gari lipande mlima na watu 40, dereva anamwambia fundi "fungulia pampu". Skrubu inazungushwa, mafuta yanazidi hewa. Kisafisha hewa kimejaa vumbi la barabara ya mtaani tangu Ramadhani iliyopita. Nozo zimekwisha, zinakojoa badala ya kupuliza. Ni kibatari chenye utambi uliopandishwa, kwenye magurudumu. Ukimwaga biodizeli humo masizi yatapungua kidogo, halafu dereva ataona gari limelegea kwa sababu biodizeli tupu ina nguvu pungufu kama asilimia 8 kwa lita, atakuja kuniambia fungulia tena.

Nikibadilisha nozo, nikasafisha njia ya hewa na kurudisha skrubu mahali pake, moshi mweusi unakwisha kwa dizeli ileile ya kituo. Nimeshafanya mara nyingi mno. Tangu 2015 dizeli halali inayoingia Afrika Mashariki inatakiwa isizidi salfa sehemu 50 katika milioni, kwa hiyo tusikisingizie kituo cha mafuta kila kitu.

Kibatari

Mrejesho wa Coaster basi, fundi. Usituache njiani.

Fundi Nozo

Mrejesho, wiki ya tatu.

Nilibadilisha ringi, nozo sita mpya, pampu nikaipima upya. Mteja kanunua methanoli kwa muuza kemikali mwenye leseni. Nilimwambia na naandika hapa tena: methanoli ni sumu, inapofua na kuua, mvuke wake unawaka, na moto wake mchana hauonekani vizuri. Si kitu cha jikoni wala cha kuwekwa kwenye chupa ya maji. Anafanyia nje, glavu na miwani, watoto mbali.

Juzi kaja na lita tano. Nikachukua nusu chupa, nikatia nusu ya maji, nikatikisa. Ya mara ya kwanza aliyoniletea iligeuka uji mweupe ikabaki hivyo mpaka jioni, sabuni tupu. Hii imeachana na maji ndani ya robo saa, juu rangi ya chai ya rangi, chini maji yenye ukungu kidogo. Amefurahi kama mtu aliyepata mtoto.

Nikamwambia subiri, kuna kipimo kingine. Mililita 3 za mafuta yake ndani ya mililita 27 za methanoli, kwenye kichupa cha kioo. Biodizeli inayeyuka humo yote. Mafuta ya kupikia ambayo hayakugeuzwa hayayeyuki, yanazama. Tukakaa kwenye benchi tunakiangalia. Baada ya dakika kama kumi likaonekana chini tone moja la njano, dogo kama punje ya mtama.

Ameondoka na mafuta yake akayarudie. Gari liko kwangu bado, na kwa sasa lina dizeli ya kituo.